Kiande cha Mkono wa Kushoto

Jumatano, 12 Machi

Leo mimi ni tajiri, ni vile tu Othaya bado haijapata habari. Guka, babu yangu, ameniachia studio yake yote: kamera, taa za miavuli, mashine ya kukuzia picha, pazia lenye maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa huku amewahi kuyaona, na mikebe ya negativu, zile filamu za picha, imepangwa mpaka darini. Alisema mwenyewe kabla ya kufa, Cucu, bibi yake, akisikia: "Hizi ni za Gicheru. Wengine wataziuza."

Guka alikuwa mtu mwerevu, lakini hapo alinikosea. Naziuza.

Niko na mpango. Rafiki yangu Ben amepata chumba Kutus, stendi kabisa, tufungue kinyozi. Yeye ataleta viti na vioo, mimi nilete mashine za kunyoa na redio. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, hilo bado tunabishana. Lakini kichwa cha mtu nikikishika kinatoka kama yai. Mwenye nyumba anataka hiki chumba cha studio kabla ya mwezi wa nne kuisha. Vizuri. Hata mimi nina haraka.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza. Paa linavuja palepale Guka alipokuwa akiwasimamisha mabibi harusi.

Jumanne, 18 Machi

Nilipanga vitu vyote juu ya meza, nikavipiga picha kwa simu, nikaweka mtandaoni. Saa sita haijafika nikapigiwa na Dawud, mtu wa Nyeri mjini, ana duka la kamera na kava za simu.

"Salama, kijana. Hizi mali ni zako ama umeziokota?"

"Ni urithi."

"Urithi ndio napenda. Wenye kurithi hawajui bei."

"Mimi najua."

"Basi utakuwa wa kwanza," akacheka.

Anasema vijana wa Nairobi wamechoka na simu, wanarudi kwa filamu kama ng'ombe kwa chumvi. Anataka kila kitu, hata negativu, kuna mama mmoja anaitwa Anita anayenunua picha za watu wa zamani. Sijui anataka nini na nyuso za watu asiowajua. Tulivutana mpaka sikio langu likapata joto. Tukakubaliana vyote isipokuwa ile kamera kubwa ya Yashika, ya vioo viwili. Hiyo ndiyo ilikuwa jicho la Guka, na bei aliyotaja Dawud ni matusi. Nitaikalia. Mimi si mjinga wa kuuza ng'ombe na kamba.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimetembelewa na Mama Sophie, yule wa kibanda cha chai jirani. Huyu mama mimi na yeye hatupatani. Mandazi yake unaweza kuziba nayo shimo la barabara, na nikimwambia hivyo ananifukuza na mwiko. Lakini leo aliingia polepole, akakaa kwa kile kigoda cha wateja, mgongo wima, kama anayesubiri kupigwa picha.

"Wee Gicheru. Ni kweli unauza za Guka wako?"

"Kweli, mathe. Unataka pazia? Uweke maji yanayoporomoka kwa hoteli?"

Hakucheka. Bwana yake, Theuri, alizikwa mwezi jana. Sasa kaka ya Theuri, Mzee Ngatia mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amesema mbele ya jamaa yote kwamba Mama Sophie hakuwahi kuolewa. Ati alikuwa rafiki wa marehemu tu. Ati ngurario haikufanywa.

Kwetu hiyo si maneno madogo. Ngurario ndiyo siku bwana anakata kiande, lile bega la mbuzi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, anampa bibi. Bila hiyo unaweza kukaa kwa mtu mpaka meno yakuishe, utahesabika mgeni aliyekawia. Na wale wazee wa pande zote mbili, amenihesabia kwa vidole, wote wako chini ya udongo. Chifu ameita watu tarehe tatu mwezi ujao aandike barua ya kupeleka kortini, kwamba nani ni nani kwa marehemu. Jina lake lisipoandikwa, nyumba na shamba na ile kahawa aliyopalilia maisha yake yote ni za Ngatia.

"Na picha zenu ziko wapi?"

"Zilikuwa kwa sanduku la mama mkwe. Alipokufa, sanduku lilibebwa na Ngatia." Akatazama mikebe. "Guka wako ndiye alipiga. Na hii kamera ya vioo viwili."

Nikamwambia nitaangalia nikipata nafasi. Kusema ukweli nilitaka aondoke, maana alikuwa karibu kulia na mimi hiyo kazi siiwezi.

Jumanne, 25 Machi

Nimepata. Guka hakuwa mtu wa kuandika, alikuwa anafunga kwa uzi. Harusi za kanisa uzi mwekundu, mazishi uzi mweusi, ngurario uzi wa kijani. Nilifungua za kijani mpaka vidole vikanuka siki. Negativu za Yashika ni kubwa, mraba, karibu upana wa kiberiti, lakini kumtambua mtu humo ni kazi: nywele nyeupe kama za malaika, meno meusi. Mama Sophie nilimjua kwa vile alisimama. Mgongo wima.

Nikabandika hiyo moja kwa kioo cha dirisha, nikapiga na simu, nikavuta karibu bwana na bibi tu, nikageuza rangi. Hao hapo. Theuri ameshika kisu, kiande kiko mbele yake, Mama Sophie anatazama chini na shavu lina tabasamu. Dakika chache tu. Guka alikuwa anajifungia gizani nusu siku na ndoo za dawa.

Mama Sophie alipoiona kwa simu akanipa mandazi sita. Nilimwambia ni adhabu gani hii, nimekosa nini. Alicheka kidogo. Amepeleka ikachapwa kubwa kwa saiba, lile duka la kompyuta.

Alhamisi, 27 Machi

Dawud alikuja na gari, akabeba vyote. Mikebe ya negativu pia, na ile ya Mama Sophie nimeirudisha humo. Studio sasa ina mwangwi. Nilisema jina langu mara kadhaa kusikia likinirudia. Linafaa mtu mkubwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mzee Ngatia alinisimamishia pikapu, akaninunulia soda. Huyo ndiye mtu wa kuiga, mimi husema kila siku. Viatu havijui matope hata mwezi wa nne.

"Pole na Guka. Vitu vyake vimeenda wapi? Zile picha za zamani?"

"Nimeuza, mzee. Zote, na mikebe yake. Sikubakisha hata moja."

"Hata moja?"

"Isipokuwa kamera ya vioo viwili. Hiyo nangojea bei."

Akanipiga bega. "Wewe utafika mbali." Aliondoka akipiga mluzi. Soda ilikuwa tamu mpaka nusu, halafu nikajiuliza kwa nini mtu wa simiti anauliza habari za picha.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku mbaya.

Tulijaa ofisi ya chifu, mvua inapiga mabati mpaka watu wanaongea kwa kupiga kelele. Mimi nilichomekea shati ndani ya suruali, maana nilijua nitasifiwa. Mama Sophie akatoa picha, ikapita mkono kwa mkono. Nilikuwa nimeanza kutabasamu.

Ikafika kwa Mzee Simeon. Huyu hana upande, ni mzee wa kijiji, akiongea watu hunyamaza. Akaiweka karibu na pua. Akaiweka mbali. Akauliza, "Mama Sophie, marehemu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto?"

"Hapana, mzee. Wa kulia."

"Hapa anakata kiande na wa kushoto."

Watu wakainua shingo kuona.

"Mimi nimekaa ngurario nyingi," mzee akasema, wala hakuwa na ubaya. "Hata mtu ambaye anakula, analima na anapiga watoto na mkono wa kushoto, siku hiyo wazee wanamwekea kisu kwa wa kulia. Kiande cha mkono wa kushoto sijaona. Na koti limefungwa vifungo kama la mwanamke."

Mzee Ngatia alikuwa amengojea hapo kama paka. Alisimama polepole, akarekebisha kofia.

"Chifu, mimi sitaki kuaibisha mtu. Lakini nani ametengeneza hii picha? Ni huyu kamwana, kijana mdogo, na simu. Siku hizi simu inaweza kukuoza hata kwa malkia wa Uingereza. Hata mimi nikitaka, kesho nitaletewa picha nikicheza mpira na marehemu babu yangu."

Watu wakacheka. Wengine walicheka wakinitazama mimi.

"Gicheru, wewe ndiye ulitengeneza?" chifu akauliza.

"Sikutengeneza. Nilipiga tu ile negativu ya Guka."

"Iko wapi?"

Ngatia ndiye alinijibia, akiangalia dari: "Ameuza. Aliniambia yeye mwenyewe. Hakubakisha hata moja."

Kumbe ile soda ndiyo ilinunua hayo maneno.

Chifu si mtu mbaya. Alisema hii karatasi hawezi kuitumia, lakini pia hawezi kuandika barua watu wakibishana. Amepeana siku hadi Alhamisi baada ya Pasaka. Filamu yenyewe iletwe, ile alishika Guka, si ya simu. Isipoletwa, barua itaenda bila jina la Mama Sophie.

Nje Mama Sophie hakunitukana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Alijifunika leso kichwani, akasema, "Usijali, hukujua," na hilo ndilo lilinimaliza.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Dawud hashiki simu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Hashiki.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeenda Nyeri mwenyewe. Dawud alikuwa anakunywa chai ya tangawizi, nikamwonyesha picha kwa simu, nikamweleza yote. Alicheka chai ikamtoka puani.

"Kijana, umepiga negativu kutoka mgongoni. Iko na upande wa kung'aa na upande umefifia. Inatazamwa kwa ule wa kung'aa. Ukikosea, dunia nzima inageuka, wa kulia anakuwa wa kushoto."

Nikaigeuza hapohapo kwa simu, mguso mmoja tu. Theuri akashika kisu na wa kulia, vifungo vikarudi mahali pake. Lakini ni nani ataniamini sasa? Ngatia atauliza mkono wa tatu nitautoa lini.

"Nipe hiyo moja tu," nikasema. "Moja. Nitakurudishia pesa yake."

"Anita amenunua mikebe kama ilivyofungwa, na anakuja kuchukua Jumamosi Kuu. Nikifungua na kupunguza nitamwambia nini? Jina langu ndilo duka langu." Akakoroga chai. "Lakini uniletee ile Yashika, nitakuwa na sababu ya kumuudhi mteja."

"Kwa negativu moja? Kamera nzima?"

"Ni wewe umesema ni moja tu."

Nilimwita mwizi. Akaniambia asante na nifunge mlango, baridi inaingia. Nimerudi Othaya bila kitu. Kamera hiyo ndiyo mashine za kunyoa. Ndiyo redio. Pesa ya vile vingine imeliwa na deni la hospitali la Guka, sasa hiyo tu ndiyo Kutus yangu. Ni kosa langu mimi hata kama nilitaka kusaidia? Si ningenyamaza tangu mwanzo, ningekuwa salama.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Ben ameuliza nakuja lini. Nimemwambia baada ya Pasaka.

Jumamosi, 12 Aprili

Ngatia amekuja hadi studio. Alikunja suruali asiguse sakafu, akatazama Yashika mezani.

"Nasikia unatafuta mtu wa kununua hiyo."

"Natafuta bei, mzee. Watu wako wengi."

Akataja bei. Sitaiandika, maana nikiiandika nitaisoma tena. Nilikaa chini bila kupanga kukaa.

"Wewe utafanya nini na kamera, mzee?"

"Kumbukumbu," akasema. "Guka wako alikuwa rafiki yangu. Nitakuja Ijumaa na pesa mkononi. Na hiyo kazi yenu ya kinyozi, niko na mabati yamebaki, mtahitaji." Mlangoni akageuka. "Shida za wazee wacha zishindane na wazee. Wewe bado unajenga."

Anajua. Mtu fulani amemfikishia kile Dawud anataka, na mimi najua ni nani, ni mimi, nilipayuka kwa kibanda cha viazi kwamba kuna mtu wa Nyeri anataka kamera yangu nzima kwa negativu moja. Hii midomo yangu ingepewa likizo.

Na bado, bei hiyo. Haki, bei hiyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilipita kwa Mama Sophie kumwambia ukweli, kwamba nimeshindwa. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimkuta shambani anapanda maharagwe kwa mvua, Sophie anafuata nyuma na kikopo cha mbegu. Kando ya kahawa kuna vigingi vipya, vimepakwa rangi nyeupe juu, vimepigwa katikati ya shamba lake mpaka karibu na mlango wa jikoni.

"Hivi ni nini, mathe?"

"Watu wa Ngatia. Anapima."

"Na wewe unapanda hapohapo?"

"Mvua haingojei chifu." Alikanyagia shimo kwa kisigino. "Nikifukuzwa, atakayekula ale. Shamba halilali bure nikiwa hapa."

"Mathe, nilikuja kukuambia—"

"Sophie, mpe Gicheru kikopo, ameshinda amesimama kama kigingi kingine."

Nikapanda maharagwe mpaka giza lilipoingia. Sikumwambia.

Jumanne, 15 Aprili

Cucu nilimuuliza, Guka angefanya nini. Akasema Guka angeuliza kwanza kama kuna chai. Hiyo si msaada.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeamka nikaweka Yashika kwa begi la shule, kazi ya maana ya kwanza lile begi limefanya, nikaenda Nyeri kabla Ngatia hajaja na pesa. Nilijua nikingoja kesho, nikiona zile noti, nitauza. Najijua.

Dawud hakucheka leo. Aliishika kamera na mikono miwili, akafungua kifuniko, akatazama ndani kama mtu anayeangalia kisima. Halafu akasema, "Mikebe iko stoo. Kuna kitu kidogo sikukuambia."

Stoo imevuja. Maji yalishuka kwa ukuta, mikebe ya chini imeshika kutu. Nilifungua moja, filamu zimegandana kama majani ya chai yaliyomwagikiwa sukari. Uzi mwekundu. Nyingine, mweusi, mweusi. Dawud alipiga magoti na yeye, suruali nzuri na yote, tukawa tunafungua bila kuongea. Nyuzi za kijani zikatoka, zimevuja rangi, vidole vyangu vikawa kijani. Nikavuta, ikapasuka. Haikuwa hiyo. Nikavuta nyingine, Dawud akanishika mkono.

"Usivute. Wacha."

Akaleta beseni la maji safi, akaweka lile fundo ndani, akaketi. Tulikaa tukilitazama. Duka lake halikuuza kava hata moja. Mwishowe zikaanza kuachana zenyewe, moja, moja, na ya katikati ikaelea: mwanamke amesimama mgongo wima, nywele nyeupe, meno meusi. Kona moja imevimba na kutoka mapovu. Watu wako wazima.

Aliikausha kwa upepo, akaiweka kati ya vioo viwili vidogo, akazungusha utepe. Nilisema asante. Ilinitoka kwa shida, sijaizoea.

Ben nimempigia. Amesema chumba hakiwezi kungoja, atachukua Waweru. Sawa. Waweru akinyoa mtu hutoka kama amepigwa na ng'ombe, lakini sawa.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ngatia alikuja. Nikamwambia kamera nimeshauza. Alitazama mikono yangu, bado kijani.

Alhamisi, 24 Aprili

Ofisi ilijaa kuliko siku ile. Watu walikuja kuona nikiaibishwa mara ya pili. Mvua ilikuwa imesimama, kukawa na mwanga mweupe kwa dirisha, na mimi nikamkabidhi chifu kile kioo bila hotuba. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilipofungua mdomo nikaona kisu, mkono, na nikaogopa: labda nimekosea tena, labda upande si huo.

Chifu akakiinua mbele ya dirisha. Akampa Mzee Simeon. Mzee akageuza huku, akageuza kule, akauliza upande, nikamwonyesha ule wa kung'aa.

"Mkono wa kulia," akasema. "Lakini macho yangu hayajui nyuso za nywele nyeupe. Nani hapa alimjua Theuri akiwa kijana?" Na akanyoosha kioo upande wa pili wa meza. "Mwangalie ndugu yako, Ngatia. Utuambie kama si yeye. Ukisema si yeye, mimi nitanyamaza."

Nilitaka kusema mzee, si huyo, usimpe huyo. Kioo ni kioo. Kikianguka kwa sakafu ya simiti, mambo yameisha. Hata Mama Sophie alisimama nusu, halafu akakaa tena.

Ngatia alienda dirishani nacho. Nilitazama vidole vyake tu, hata kupepesa sikuthubutu. Aliinua. Mimi kwa simu nilikuwa nimewaangalia bwana na bibi peke yao, huko pembeni sikuwa na shida na nani yuko. Yeye hakuwa anatazama katikati. Alikuwa anatazama pembeni, karibu na ile kona yenye mapovu, na kofia aliitoa bila kujua ameitoa.

Nje mtu alikuwa anafukuza ng'ombe.

"Hii beseni ilikuwa ya mama," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, si ya mkutano. Nafikiri hakuwa anaongea na sisi.

"Beseni gani?" chifu akauliza.

"Hii ya nyama. Ya maua." Akaguna kidogo, karibu kicheko. "Alinikatalia nisiweke chini kwa majani. Nilishika mpaka kiande kikakatwa, mikono ikafa ganzi."

Ndipo alisikia alichosema. Niliona shingo yake ikisikia kwanza, halafu mabega. Hakugeuka. Hakuna mtu aliyecheka, hata mimi. Mzee Simeon alisimama, akaenda taratibu, akachukua kioo kutoka mkononi mwake kama unavyochukua kisu kwa mtoto, akakirudisha mezani.

Chifu akavuta karatasi.

"Mama Sophie, nipe majina yako kamili."

Alisimama. Mgongo vilevile.

"Watiri," akasema. "Watiri wa Theuri."